Mstari Mwekundu Kwenye Bolti

Baba yangu hakuwahi kukaza bolti bila kuiwekea alama. Akishaikaza, anatoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha, anakifungua kwa meno, anavuta mstari mmoja mwembamba kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye bati. Bolti ikilegea, mstari unakatika. Ikiguswa na mkono mwingine, mstari unakatika. Alifundishwa hivyo ujanani kwenye karakana ya matrekta, na hakuacha. Hata meza yetu ya jikoni ina mistari.

Rangi ilikuwa ya mama. Alipofariki aliacha vichupa viwili, vyote vyekundu. Baba, ambaye alikataza mtu asiguse hata kitana chake, alivitia kwenye koti la kazi bila kumuuliza yeyote. Cha kwanza kilishakwisha. Cha pili kilikuwa kimebaki nusu, siku nilipomletea mashine.

Alikuwa mtunza kiwanja wa shule. Watoto walimwita Mzee Kiwanja, na wazazi wao pia, kwa kuwa nao waliucheza mpira wao hapohapo wakiwa wadogo. Miaka ishirini na sita aliufyeka uwanja ule kwa fyekeo, mkono wa kulia ukienda na kurudi, ukienda na kurudi. Mwaka jana bega likagoma. Daktari aliugeuza mkono huku na kule, baba akiwa ameuma midomo, kisha akasema bila kuzunguka: nyuzi za bega zimechanika, bado kidogo zikatike. Asukume mashine ya nyasi, hapana shida. Akirudia kufyeka, mkono huu hautanyanyuka tena.

Mimi ni mchora mabango. Nilikuwa nimemaliza ukuta wa kiwanda cha sabuni, herufi ndefu kuliko mimi, na kazi yote ile ikageuka mashine ya kukatia nyasi: ya petroli, ya magurudumu manne, na karatasi ya waranti ya mwaka mzima yenye mhuri wa duka. Baba aliizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Hii imekuja kunisaidia au kunistaafisha?"

"Kukusaidia, baba."

"Haya. Ila isinizoee."

Ilimzoea, naye akaizoea. Kila jioni aliileta nyumbani, akafungua kava la injini, akapuliza vumbi la nyasi, akakitoa kisu na kukinoa, akafunga, akapiga mistari yake. Nilimsikia akiisemesha. Bega lilikuwa limeanza kutulia. Alikuwa amerudi kuvaa shati bila kuguna.

Wiki ya sita mashine ikazimika katikati ya uwanja. Haikuwaka tena. Baba akaisukuma hadi nyumbani, akaketi kwenye kigoda, akaniambia, "Nipe spana namba kumi."

"Usiiguse!" Nilimpokonya spana mkononi, nakumbuka vizuri, nilimpokonya. "Baba, hii ina waranti. Wameiuza, wataitengeneza. Hatuwaombi, ni haki yetu. Ukiifungua sasa watapata kisingizio."

"Nataka nione tu."

"Hakuna kuona."

Aliniangalia, akanyanyuka. "Haya, bwana mkubwa. Peleka."

Kaunta ya matengenezo ilikuwa nyuma kabisa ya duka, kupita majokofu na televisheni, jirani na mlango wa choo. Karani alikuwa kijana wa rika langu, tai fupi, macho kwenye fomu.

"Tatizo?"

"Imezimika. Haiwaki."

"Imefunguliwa na mtu yeyote?" Kabla sijajibu akainama, akagusa bolti ya kava kwa ncha ya kalamu. "Na hii mistari myekundu ni kitu gani, kaka? Urembo?"

Mtu mwenye akili angesema sijui. Mimi damu ilinipanda. Urembo! "Hiyo ni alama ya fundi," nikamwambia, na sauti nikaipandisha ili wasikie hata waliokuwa wanachagua pasi. "Baba yangu anaifungua kila jioni, anaisafisha, anainoa. Mashine zenu zote humu ndani hazijawahi kuona mkono kama ule. Mngekuwa na mmoja kama yeye, kaunta hii mngeuzia karanga."

Kwa mara ya kwanza karani akatabasamu. "Kila jioni?"

"Kila jioni."

"Na kava la injini anafungua?"

"Lote, mpaka ndani."

Akaandika. Akaandika kwa muda mrefu kidogo. "Weka sahihi hapa, kaka."

Nikaweka, kwa mkia mrefu chini yake, kama ninavyoweka kwenye mabango yangu. Nikatoka kifua mbele.

Wiki mbili, walisema. Zilipokwisha, fundi mkuu alikuwa likizo. Aliporudi, spea ilikuwa njiani. Spea ilipofika, kumbe si yenyewe. Mara mtandao umekatika, mara faili liko makao makuu. Nilikuwa nakwenda kila Jumatatu kabla ya kazi, na ndoo ya rangi mkononi, na kila Jumatatu karani ananiambia, "Kaka, wewe tena?" kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeharibika.

Nyumbani baba hakulalamika. "Usiwagombeze," alisema. "Shule imeazima mashine ya shule ya jirani. Inakohoa kama mimi, lakini inakata."

Nikafurahi. Nilipumua. Na kwa kuwa nilikuwa nimepumua, mengine sikuyaona. Alianza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Shati alilivaa kwa kuanzia upande wa kulia, polepole, akiwa amenipa mgongo. Asubuhi moja aliniomba nimkatie mkate, nikamtania, "Umekuwa bwana harusi?" akacheka, na mimi nikamkatia mkate, nikaenda zangu kazini. Nimeirudia asubuhi hiyo kichwani mara nyingi kuliko nyingine zote.

Wiki ya sita tangu niipeleke dukani, nilipata kazi ya kuandika jina jipya kwenye lango la shule ileile. Nikaona si vizuri kupita bila kumshukuru mwalimu mkuu. Nilimkuta ofisini, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, anahesabu chaki.

"Mwalimu, nimekuja kushukuru. Kwa ile mashine mliyomwazimia mzee."

"Mashine gani?"

"Ya shule ya jirani."

Aliliweka boksi la chaki chini. Akavua miwani, akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyechelewa kuambiwa jambo la kwao.

"Mwanangu, shule ya jirani haina hata jembe. Njoo hapa."

Akanisogeza dirishani. Mbali kule, karibu na kibendera cha kona, alikuwa baba. Anafyeka. Fyekeo lilikuwa mkono wa kushoto, mkono usioijua kazi ile, linapiga pembeni, linarudi, linapiga tena. Mkono wa kulia ulikuwa umening'inia tu, kama mkono wa shati lililoanikwa.

"Alianza kwa mkono wa kulia," mwalimu alisema. "Mwezi mzima. Ule wa kulia ulipokataa ndipo akahamia kushoto. Nilimkataza. Nikamwambia naita kampuni, wana trekta dogo, watamaliza kwa saa moja. Akanisihi. Akasema, mwalimu, ukiita kampuni mwanangu atajua kwamba mashine yake imeniangusha. Alininunulia kwa jasho lake. Ngoja irudi. Inarudi kesho." Akavaa miwani. "Kila siku kesho."

Sikumbuki nilitokaje ofisini. Nakumbuka nyasi, kwamba alikuwa amezikata sawasawa, hata kwa mkono ule.

"Huna kazi?" baba aliniuliza, bila kusimama.

"Baba. Mkono."

"Upo."

"Unyanyue."

Akafyeka pigo moja zaidi. "Sina haja ya kitu chochote huko juu."

Nilimnyang'anya fyekeo. Mara ya pili nampokonya baba yangu kitu mkononi, na safari hii hakikushikiliwa. Kiliachia chenyewe.

Nilikwenda dukani kwa miguu, nikipanga maneno njia nzima. Mimi maneno hayanipi tabu. Nilikuwa nayo ya kumtosha karani, meneja, na mwenye duka popote alipo, yamepangwa, yana makali. Nilifika kaunta, nikafungua mdomo, na karani akanisukumia karatasi.

"Jibu limekuja jana, kaka."

*Dhamana imefutwa. Mteja mwenyewe amekiri kwamba mashine imekuwa ikifunguliwa kila siku na mtu asiyeidhinishwa na duka.* Chini yake sahihi yangu, na ule mkia.

Nikaisoma mara mbili. Maneno niliyokuja nayo yakawa hayana pa kwenda; yaliyohitajika nilikuwa nimeshayasema, wiki sita nyuma, kwa sauti kubwa.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alisogea karibu, akasema taratibu, "Ungenyamaza tu, kaka. Mimi niliuliza kwa sababu fomu inauliza. Ungesema sijui, ingepita."

"Wiki sita zote hizo, mlikuwa mnafanya nini?"

Akainua mabega, yote mawili, kwa urahisi. Nikayatazama yale mabega. Kisha nikachukua mashine, nikaisukuma barabarani hadi nyumbani, watu wakinipisha.

Baba alikuwa ameketi uani kwenye kigoda chake, mkono wa kulia ameulaza mapajani. Aliinama akaanza kuzitazama bolti, moja baada ya nyingine, uso karibu na bati, kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mdogo. Nne za kava. Mbili za chini. Akamaliza, akarudia.

"Hawakuifungua," akasema.

"Nini?"

"Mistari yote mizima. Hakuna aliyeigusa." Akapitisha kidole juu ya rangi ya mama. "Imekaa tu."

Nikamweleza. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kama mtoto: urembo, karanga, kila jioni, mpaka ndani, sahihi. Sikupunguza. Baba alisikiliza hadi mwisho.

"Ulimwambia hawajawahi kuona mkono kama huu?"

"Nilimwambia."

Akautazama ule mkono mapajani. "Chukua spana namba kumi," akasema.

Nilifungua mimi, yeye akielekeza. Kushoto kwanza. Usilazimishe. Mistari ikakatika mmoja mmoja, ikabaki nusu huku na nusu kule. Kava likatoka. Baba akachungulia, akanyoosha kidole cha kushoto. Pembeni ya kabureta palikuwa na kispringi, chembamba kama waya wa pini ya nywele. Ncha yake moja ilikuwa imechomoka kwenye tundu, inaning'inia.

"Hicho," alisema. "Kirudishe tunduni."

"Hicho tu?"

"Hicho tu. Siku ile ningekirudisha kabla chai haijapoa." Alisema hivyo kama anavyosema kila jambo la spana, bila kumlenga mtu. Halafu akaniona uso wangu. Akaongeza haraka, "Au labda nisingekiona. Siku ile mwanga ulikuwa hafifu."

Ilikuwa saa nane mchana siku ile, jua kali. Wote wawili tulijua.

Nilikirudisha kwa bisibisi ndogo. Nikafunga kava, nikakaza. Baba akanyanyuka, akaiendea mashine, akasimama nyuma ya mpini kama alivyozoea, miguu imepanuka, na akaupeleka mkono kwenye kamba ya kuwashia. Yaani mwili wake uliupeleka. Bega lilitikisika kidogo, kiwiko kikasogea upana wa kidole, basi. Mkono haukwenda. Akaungoja. Nadhani kweli aliungoja, kama unavyomngoja mtu uliyemwita na una hakika amesikia.

Kisha akapiga hatua moja pembeni, akaniachia nafasi.

"Vuta wewe," alisema.

Nikavuta. Mara ya kwanza ikakohoa, mara ya pili ikawaka, ikanguruma uani kwetu kama mpya, kama kitu ambacho hakikumkosea mtu. Baba aliisikiliza, kichwa upande. "Iko vizuri," akasema juu ya kelele. "Izime, usimalize mafuta bure."

Nilipozima, alikuwa ameshatoa kile kichupa. Alikishika kwa kushoto, akakisogeza mdomoni ili akifungue kwa meno, na kikamponyoka, kikaviringika hadi miguuni kwangu. Nikakiokota. Ndani rangi ilikuwa imebaki chini kabisa, nzito.

"Piga mistari," alisema. "Kesho asubuhi utaipeleka uwanjani kabla ya kazi zako. Kona ile ya kibendera sikuimaliza."

Nilipiga magoti. Mimi ninaandika herufi urefu wa mtu bila rula, na watu husimama kutazama. Nilivuta mstari mmoja, mfupi kuliko kidole, kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye bati.

Baba akainama juu ya bega langu.

"Umepinda," akasema.

"Nifute?"

"Acha. Rangi haitoshi." Akauweka mkono wake wa kushoto mgongoni kwangu, ili ajishikize anyooke. "Piga na mingine."