Bibi, Dirisha Hili Linatoa Bei

Katika Mkonze yote hii, mimi Dorkasi ndiye mwanamke pekee ambaye maelekezo yake ya kompyuta yanasomwa na mainjinia, tena wanayafuata neno kwa neno. Sawa, kuandika aliandika mjukuu wangu. Mimi nilikuwa namenya karanga, na nyingine nilizila.

Mjukuu mwenyewe ni Devota, binti wa mwanangu Nathanaeli. Namwita mke mwenzangu, kwa sababu marehemu babu yake alikuwa anamsifia uzuri mbele yangu bila hata aibu. Ametengeneza mfumo unaokusanya bei za zabibu na alizeti za kila kata. Ofisi yao iko mjini, lakini siku nyingi anafanyia kazi hapa kibarazani, na mimi nakaa karibu nikijifanya nina shughuli.

Siku moja alirudi uso umemshuka.

"Bibi, wiki hii kampuni moja ya Kondoa inaunganisha mfumo wao na wetu. Lazima wapate maelekezo. Wakishindwa, Bosi Thobias anasema kazi yote inahamia Dar es Salaam kwa wenzetu wa kule, na mimi naifuata."

"Na mimi?"

"Wewe utakuja kunitembelea."

Nikamwambia Dar kuna joto, nitayeyuka kama mafuta ya mgando. Tukacheka. Kisha nikaingia jikoni kutafuta chumvi, ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

Kumbe maelekezo hayo hayaandikwi kando. Anayetengeneza programu anaweka maelezo mafupi humo humo ndani, juu ya kila sehemu, akiyatia alama. Halafu kuna programu nyingine inayopita ikiokota maelezo yote yenye alama na kuyapanga kuwa kurasa safi za kusomwa na wageni. Yenyewe haifikirii, inaokota ilichokikuta. Na mke mwenzangu, kwa haraka zake, hakuwa ameweka hata neno.

"Si uandike basi," nikamwambia.

"Nikiandika yanakuwa makavu, Bibi. Hata mimi mwenyewe siyaelewi."

"Hebu niambie mimi. Hiyo sehemu ya juu kabisa inafanya nini?"

Akafikiri. "Unalijua dirisha la duka la Mbwana? Unasimama nje, unataja kitu, unapewa. Huingii ndani. Mfumo wetu nao una madirisha ya namna hiyo, tunayaita API. Mfumo wa watu wa Kondoa utasimama nje, utaomba bei. Lakini lazima ujue dirisha gani linatoa nini, na linaombwa vipi."

"Hiyo nimeielewa. Iandike hivyo hivyo."

Akaanza kuandika huku akisoma kwa sauti: "Bibi, dirisha hili linatoa bei ya leo. Taja zao, kisha taja kata."

"Nikitaja zao nikasahau kata?"

"Bibi, ukisahau kata utarudishwa na utaambiwa kimekosekana nini. Usigombane. Rudi uombe upya."

"Nikiomba bei ya pombe ya mtama?"

"Bibi!"

"Nauliza tu."

Akaandika: "Bibi, pombe hatuna."

Tukaenda hivyo mpaka karanga zikaisha. Lile neno Bibi alisema ataliondoa mwishoni, eti linamsaidia tu kuanza sentensi. Akafika penye mafundo, akaguna, akaandika: "Bibi, hapa aliandika Thobias. Usipaguse."

"Hiyo uifute," nikasema.

"Kesho, Bibi. Nitafuta yote kesho."

Jioni akaituma kazi ofisini ikahifadhiwe, isije ikapotea umeme ukikatika. Alichosahau ni kwamba ile programu ya kuokota Thobias alikuwa ameiacha ijiendeshe yenyewe kila kazi inapoingia. Ikaokota, ikapanga. Asubuhi Thobias, bila kutazama, akawatumia watu wa Kondoa kurasa zote.

Tulikuwa hatujaugusa uji simu ilipolia. Devota akaiweka sauti ya juu.

"Devota! Huyu Bibi ni nani?"

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Bibi ni nani? Kila ukurasa Bibi, Bibi! 'Pombe hatuna' imeingiaje kwenye maelekezo ya kampuni? Na pangu pasiguswe kwa nini?"

"Bosi, nilikuwa sijamaliza. Naomba niyaondoe."

"Uyaondoe wakati wenzako wameshaanza kuunganisha? Njoo ofisini. Wakikwama leo, ujue ni Dar."

Akavaa viatu akivikosea, cha kulia kushoto. Mlangoni akageuka. "Bibi, nimeharibu."

Nikamkung'uta maganda ya karanga mgongoni. "Kama umeharibu, umeharibu kwa adabu. Kila mahali umeanza kwa kumtaja mkubwa. Hakuna atakayesema hukulelewa."

Akacheka na machozi yanamtoka, akaenda.

Mimi siku hiyo nilishinda vizuri sana. Nilifagia uwanja. Upepo ukarudisha vumbi, nikafagia tena. Wala sikutazama barabarani, ila pale shingo ilipogeuka yenyewe.

Alasiri nikamwona anakuja mbio, viatu ameshika mkononi.

"Bibi! Wameunganisha!"

Akaniangukia kifuani kama alivyokuwa akifanya alipotoka shule ya chekechea, ila sasa ana uzito. Akanieleza kwamba kijana wa Kondoa, jina lake Hashimu, amepiga simu mwenyewe. Amesema maelekezo mengine humtesa wiki nzima, lakini haya kabla ya adhuhuri tayari alikuwa anaziona bei za zabibu. Shida yake ilikuwa moja tu: anafanyia kazi nyumbani, na ana tabia ya kusoma kwa sauti. Kila akisoma "Bibi", bibi yake anaitika "abee" chumba cha pili.

"Na Thobias?"

"Amenuna kwa ajili ya ile sehemu yake, nimeifuta. Lakini huyo Bibi wa kwenye kurasa, bosi amesema abaki vile vile. Na mimi nabaki. Kazi haihami."

Nikamshika masikio yote mawili kama nashika chungu, nikamtazama tu.

"Ulikuwa na wasiwasi, Bibi?"

"Mimi? Wasiwasi wa nini? Nimesonga ugali, nimekula na mlenda nikashiba, nikalala. Hata nilikuwa nimesahau kama umekwenda mahali."

Hapo hapo ikatokea sauti upande wa pili wa ua. Ni Sikudhani, jirani yangu Mrangi, mwanamke mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe waliokwisha kuvuka kilima.

"Mama Nathanaeli! Namsikia mtoto amerudi! Sasa tunafungua, au bado tunamwombea? Mwenzio tangu asubuhi hata maji sijaonja, na wewe ndiye uliyesema tusile mpaka alete jibu!"

Devota akaingia jikoni. Nikasikia mfuniko wa sufuria ukifunuliwa, kisha ukirudishwa taratibu. Akatoka, akasimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Bibi, huo ugali umeulia wapi?"

"Kwa Sikudhani," nikasema.