Vidonda Mdomoni mwa Karani

Zuhura hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Nyoka akiingia jikoni kwa mtu, yeye ndiye aliyeitwa, na wanaume wa jirani walisimama nje kumtia moyo kwa mbali. Lakini asubuhi ile alipomnyanyua sungura wa bintiye na kukuta manyoya ya kidevu yamelowa mate, alikaa chini penye matope.

Sungura huyo aliitwa Karani. Alikuwa mweupe kifuani kama aliyevaa shati la ofisini, na kutwa nzima alitafuna bila kuonekana amefanya kazi yoyote. Athumani, mume wa Zuhura, ndiye aliyemleta kutoka upande wa Mponde alikokuwa akichuma chai. Akamjengea banda la fito nyuma ya jiko, kisha akarudi zake kazini. Salma, binti yao wa miaka sita, alimpenda sungura yule kupita kiasi. Mchezo wao mkubwa ulikuwa karoti. Salma aliipenyeza kati ya fito, Karani akaanza kule, yeye akaanza huku, midomo imebanwa kwenye fito, mpaka wakutane katikati.

Zuhura alimpanua mnyama mdomo. Ndani ya mdomo wa chini na kwenye ncha ya ulimi palikuwa na vidonda vyekundu, vyenye utando mweupe juu.

Hapo roho ikamruka. Kabla ya Salma kulikuwa na Issa. Surua ilimwanza kwa homa, ikamjaza vidonda mdomoni, akashindwa kumeza hata uji, na wiki haikuisha wakamzika. Tangu siku hizo Zuhura hakuogopa homa wala kikohozi. Aliogopa vidonda vya mdomoni, na aliviogopa hata akivisikia vinatajwa.

Jirani yake Mwanaisha, aliyekuja kuomba moto, alichungulia begani kwake, kisha akarudi nyuma.

"Yanamtoka mate? Mama Salma, si ndiyo ule ugonjwa wa ng'ombe wa kule bondeni? Unaanza mdomoni, unashuka kwenye kwato. Wamewekewa karantini, hata ndama hatoki zizini."

"Huyu ni sungura, Mwanaisha. Kwato kazitoa wapi?"

"Mate ni mate, mwenzangu. Viongozi wakijua, watamuua huyo, na ng'ombe wangu wamfuate." Akashusha sauti. "Na mtoto wako anakula naye mdomo kwa mdomo kila siku."

Mwanaisha alikuwa mtu mwema, ila maneno yake yalikuwa kama upupu. Akishakumwagia anakwenda zake, wewe unabaki kujikuna.

Zuhura akakimbilia kazi aliyoijua kuliko zote, nayo ni usafi. Tangu wahamishiwe kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari na kila mtu anaona uani kwa mwenzake, kamati ya afya ilikuwa ikipita kukagua vyoo na vichanja vya vyombo. Ilikagua na mabanda ya mifugo. Banda la Karani lilisifiwa mkutanoni mbele ya watu wote, na sifa ile ilimkaa Zuhura kichwani. Sabuni ilikuwa imeadimika, kwa hiyo wanawake walifulia maji ya majivu: jivu la maganda ya ndizi ndani ya kopo lililotobolewa, maji yanamiminwa juu, yanadondoka chini taratibu. Wengi waliyatumia hivyohivyo, mepesi. Zuhura kwa ajili ya banda aliyachemsha yakapungua, akaongeza jivu, akayachemsha tena.

Sasa kwa hofu akayakoleza zaidi, mpaka yakawa na rangi ya chai ya rangi na yanateleza vidoleni. Akasugua fito, akasugua sakafu, akasugua na kibakuli cha maji. Hakusuuza, maana alitaka dawa ikae.

Vidonda vikazidi, naye akazidisha jivu. Karani, aliyekuwa akiguguna fito tangu kukicha, akaacha kula na kujikunyata pembeni huku mate yamemgandia kifuani. Zuhura alisugua hadi ngozi ya vidole vyake ikachubuka, na hilo nalo akalihesabu kuwa ni ugonjwa unamwingia. Usiku aliamka kumsikiliza mtoto anavyopumua.

Alimkataza Salma kwenda bandani. Salma alikubali kwa mdomo, kisha akaenda kwa miguu.

Siku moja ya gulio mtoto akausukuma uji. "Unaniwasha, mama."

Zuhura alimgeuza uso penye mwanga wa mlango. Kwenye mdomo wa chini palikuwa na vidonda viwili vyekundu. Hakulia. Alimwona Issa mbele yake waziwazi, na kijiko kile kile cha uji kinachorudi kimejaa.

Mganga wa zahanati alikuwa ameshuka Lushoto kwenye semina. Ila bwana mifugo alikuwa gulioni, akikagua mbuzi, na ugonjwa huu ulitoka kwa mnyama. Mwache aje, Zuhura aliwaza. Wamuue Karani, wawaue na kuku wangu wote, kijiji kizima kinichukie, mradi mtoto abaki. Akachota kikombe kimoja cha yale maji yake, akayapunguza kidogo tu kwa maji baridi, akakiweka juu ya rafu jikoni.

"Nikirudi utasukutua haya. Yatakuwasha, lakini yataua ugonjwa. Usiguse mpaka nikuite, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Akatoka mbio, kanga inamponyoka.

Bwana mifugo, Sefania, alikuwa mtu wa Mtae, mzito wa maneno na mrefu wa miguu. Zuhura alimwamkia shikamoo akihema, na mzee akaitikia marahaba, akasikiliza habari za sungura na mtoto huku tayari anafunga mkoba wake. Walipofika uani alimtoa Karani, akamfunga kwa gunia, kichwa tu nje. Karani alimkwaruza mkono. Sefania akaitazama miguu ya mnyama kwanza.

"Sungura haugui ule ugonjwa wa ng'ombe. Hilo liondoe moyoni." Akapenyeza kijiti laini kando ya mdomo, akamulika kwa tochi. "Mara nyingi kwa sungura tatizo ni magego. Meno yake hayaachi kukua. Ukimlisha vilaini tu, kabichi na viporo, hayasagiki, yanachongoka, yanamkata ulimi na mashavu. Inabidi yapunguzwe. Anakula nini huyu?"

"Majani, kama ya ng'ombe."

"Inaonekana. Magego yake mazuri, na mashavu kwa ndani hayana kitu. Vidonda viko mbele tu, mdomoni na ncha ya ulimi, pale anapogusia vitu." Akazima tochi. "Mtoto naye yuko wapi? Mwite nimwone."

"Salma! Salma, mama!" Zuhura aliita kuelekea jikoni. Kisha akamwona Sefania amenyoosha mikono, ile ile iliyotoka mdomoni mwa Karani. "Nawa kwanza, mzee wangu, tafadhali. Usimshike na mikono hiyo." Akanyakua chungu chake, akammiminia.

Sefania aliruka. Palipokwaruzwa palimchoma kama moto.

"Mama Salma! Maji gani haya?"

"Ya majivu. Ndiyo naoshea banda. Nimeyakoleza yaue..."

Sefania alizitazama fito zilizokwanguliwa na meno ya Karani. Akakitazama kibakuli, kisha vidole vya Zuhura vilivyochubuka.

"Hakuna ugonjwa hapa," alisema. "Umewaunguza."

Zuhura alikuwa bado hajalimeza neno hilo aliposikia kigoda kikiburutwa jikoni.

"Nimeshakifikia, mama! Nasukutua!"

Hakukumbuka baadaye alivyoufikia mlango. Alikumbuka mtoto juu ya kigoda, kichwa amekirudisha nyuma, kikombe kimegusa mdomo. Alikipiga kwa kofi la nguvu zake zote. Kikombe kiligonga ukuta, maji yakamrukia Salma kidevuni, wote wawili wakaanguka.

"Umemeza? Salma, umemeza?"

"Umesema ukiniita!" Mtoto alikuwa analia kwa uchungu wa kuonewa. "Umeniita mwenyewe!"

Alikuwa hajameza. Sefania alimkagua, akamsafisha kidevu na mdomo kwa maji mengi ya mtungini, na Zuhura akamshika mtoto kwa nguvu, kwa sababu sasa alijua ni nani aliyekaribia kumzika.

Fito zote zilichomwa, zikakatwa mpya. Karani alipanguswa vidonda kila siku kwa kitambaa na maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, akalishwa majani machanga yaliyokatwakatwa na boga lililopondwa. Salma alikunywa uji uliopoa. Mganga aliporudi alimtazama akasema vidonda vinafunga vizuri. Sungura naye akapona, akarudia kutafuna kama ilivyo kazi yake, na Mwanaisha akatangaza kijiji kizima kwamba yeye tangu mwanzo alisema si ugonjwa.

Siku Salma alipoomba karoti, Zuhura hakumpa mara moja. Alipiga magoti mbele ya banda, akabana midomo yake kwenye fito mpya, akangoja kama itamuwasha.

"Mama, ni zamu yangu," Salma alisema.

"Subiri," alijibu Zuhura, akasogea kwenye ufito wa pili.