Mkono Ule Ule

Ephantus hakuwahi kushindwa karata Ruiru, na hakuona sababu ya kuanza kushindwa eti kwa vile amevuka mto Ndarugu. Aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa Nelima, pale Majengo ya Thika, akafuta vumbi la tandiko kwa kiganja, akaingia ndani na mkanda wa ngozi begani.

Mkanda ule ulikuwa wa kodiani. Kodiani yenyewe ilikuwa ya mdogo wake Gerishon, na Gerishon aliipoteza katika chumba hiki hiki Jumamosi iliyopita, akarudi nyumbani na mkanda tu. Sasa dada yao Ngendo alikuwa anaolewa wiki ijayo. Baada ya kanisa watu wangetaka kucheza mwomboko, na mwomboko bila kodiani ni watu wazima wanaopinda magoti uwanjani kama wameangusha kitu hawakioni. Ngendo alikuwa amesema neno moja tu: "Ikikosa kulia, mimi sitoki kwa mama. Mwambieni bwana harusi amuoe Gerishon."

Aliyekuwa nayo ni Urbanus, Mkamba mrefu aliyerudi kutoka vita vya Burma na pakiti ya karata, akawa fundi wa mashine katika kiwanda cha kufungasha matunda. Aliiweka juu ya kitanda cha mwenye nyumba, vifungo vikimeta.

"Huyu ndiye kaka ya yule?" akauliza.

"Ndiye mimi."

"Keti, shemeji. Nyumba yenu ina ukarimu sana. Na mkanda umeniletea?"

"Nimeuleta ndio kodiani isipate shida ya kubebwa ikirudi," Ephantus akasema, akautundika kwenye msumari.

Nelima, mjane wa Kibukusu mwenye chumba na mwenye chai, akacheka mpaka kikombe kikamwagika. Wa nne mezani alikuwa Dalmas, mchochea moto wa boila katika kiwanda hicho hicho, mtu wa maneno machache na koti kubwa la jeshi.

Walikubaliana. Urbanus ataweka kodiani, Ephantus baiskeli, Dalmas koti, Nelima taa yake ya karabai. Kila mtu anapewa kiberiti kizima, na vijiti ndivyo vya kuchezea. Honi ya gari-moshi la jioni ikilia, mwenye vijiti vingi anabeba vyote. Gari-moshi hilo lilikuwa na tabia ya kuchelewa, na hilo halikumfurahisha Ephantus, kwa sababu pasi yake ilimtaka awe amerudi Ruiru kabla ya jua kuchwa. Ilikuwa ile miaka ya Hali ya Hatari. Mkikuyu kama yeye alitembea kwa karatasi, wengine walitembea kwa miguu.

Mchezo wenyewe hauna siri. Kila mtu anatia kijiti kimoja katikati, anapewa karata tano. Kabla hujabadilisha hata moja unasema: unalala, yaani unaachia karata zako, unafuata, au unapandisha. Halafu unatupa zisizokufaa, unapewa nyingine, mnasema tena, mnafunua. Wengi hudhani kazi iko kwenye kubadilisha. Ephantus alijua kazi kubwa inamalizika kabla ya hapo, kwenye kule kupandisha kwa kwanza.

Kule machimboni Ruiru, alikochonga mawe ya kujengea, watu hawalali. Mtu aliyepiga nyundo wiki nzima hawezi kuachia karata zake kabla hajaona zitageuka kuwa nini. Ukipandisha kijiti kimoja wanakufuata wote, na hapo kingi zako mbili zinakanyagwa na takataka ya mtu aliyebahatisha. Dawa ya Ephantus ilikuwa moja. Karata mbovu, analala. Karata nzuri, anapandisha vijiti saba kwa kishindo, na wale wakaidi wawili watatu wanaobaki wanamlipa vizuri.

Akapata esi mbili mapema. Akabwaga saba, meza ikalia.

"Mimi nalala," akasema Dalmas.

"Nalala," akasema Nelima.

Urbanus akazitazama karata zake kama mtu anayenusa maziwa. "Lala salama, shemeji."

Ephantus akazoa vijiti vitatu, kimoja kimoja kutoka kwa kila mtu. Esi mbili nzima, na vijiti vitatu!

Baadaye akapata karata tatu za kumi. Akabwaga saba. Wote wakalala. Katikati ya hapo alikuwa analala yeye, na wenzake wakigawana. Kiberiti chake kikaanza kupungua bila yeye kushindwa hata mara moja, jambo ambalo hakuwahi kuliona.

"Wewe wa Ruiru," Nelima akamwambia akimmiminia chai, "una mlango mmoja tu. Ukifunguka, tunajua nani ametoka."

Urbanus akagonga meza kwa furaha. "Gerishon alikuwa afadhali! Yule angalau alitupa kazi ya kufikiri."

Ephantus akanywa chai yake polepole. Hakukasirika, alikuwa anawatazama. Hawa ni watu wa kiwanda, akawaza, wanalipwa kwa hesabu ya mikebe. Hawanyanyui mzigo wasioujua uzito. Ukiwatisha wanalala. Na mimi mjinga nimekuja Thika na nyundo ya Ruiru, nawatisha siku ambayo ninawataka wakae.

Akageuza mambo. Vijiti saba akaviacha, akachukua vinne. Vinne kwa karata nzuri, vinne kwa karata mbovu. Na si kila mara. Alingoja zamu yake ya kusema mwisho, wenzake wakiwa wametia kijiti kimoja kimoja kwa woga, ndipo anasukuma vinne vyake. Alivisukuma kwa kidole gumba, taratibu, bila kishindo, kila mara vile vile. Machimboni ndivyo mtu mzuri anavyochonga: jiwe gumu au jiwe laini, mkono ni ule ule.

"Nalala," Dalmas akasema.

"Nalala tena. Kwani leo umezipika?" Nelima akauliza.

Ephantus alikuwa na tisa, na saba, na uchafu mwingine. Akazoa. Akarudia. Jua lilipoanza kuingia mlangoni, Dalmas alikuwa amekwisha, ametoa kiti nje anaota jua bila koti, na Nelima alibakiwa na vichache vya kuchokonolea meno. Vilivyobaki vilikuwa kwa wanaume wawili, na rundo la Urbanus lilikuwa kubwa kidogo kuliko la Ephantus.

Hapo Ephantus akatoa pasi yake mfukoni, akaisoma, akatazama mlangoni. Mara hiyo ya kwanza alikuwa na wasiwasi wa kweli. Lakini aliporudisha macho mezani akaona uso wa Urbanus umechangamka.

"Jua halingoji mtu, eh?" Urbanus akasema.

"Halingoji."

Ahaa, Ephantus akawaza. Huyu anadhani haraka itanichezesha ovyo.

Mchezo uliofuata akaitazama pasi tena, akahema, akasukuma vinne akiwa hana kitu. Urbanus akafuata, akamfunua: tano zake mbili zikala takataka ya Ephantus.

"Haraka hiyo, shemeji! Utakimbia na baiskeli ipi?"

Ephantus akajikuna kichwa. Vijiti vinne si kitu. Alikuwa amevipanda kama mbegu.

Nelima akagawa. Ephantus akafungua karata zake kidogo: jeki, jeki, sita, jeki, mbili. Nje, mbali upande wa stesheni, moshi ulikuwa umeshaonekana juu ya miti. Akatoa pasi. Akaitazama. Akahema vile vile, akasukuma vinne kwa kidole gumba.

"Nalala," akasema Nelima, "lakini siendi popote. Hii nataka kuiona."

Urbanus akamcheka Ephantus usoni. "Umenifukuza mchana mzima kama kuku. Sasa basi." Akalisukuma rundo lake lote katikati kwa mikono miwili. "Vyote! Kabla hatujabadilisha. Nenda nyumbani, mtu wa pasi."

"Nafuata," akasema Ephantus, akaliongeza lake lote.

Urbanus akabadilisha moja, Ephantus mbili. Urbanus akafunua kwini mbili na kumi mbili, akizipanga kwa majivuno. Ephantus akaweka jeki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tatu za namna moja hula jozi mbili. Halafu honi ya gari-moshi ikalia, na Nelima akapiga vigelegele vya Kibukusu mpaka Dalmas akachungulia.

"Chukua koti lako, ndugu yangu," Ephantus akamwambia, "mimi si mtu wa boila. Na taa ikae, mama, chai yako ni nzuri." Akachomoa mkanda msumarini, akaufunga mahali pake.

"Unajua kuipiga?" Urbanus akauliza kwa uchungu.

"Hata kidogo."

Alikanyaga baiskeli kweli kweli, lakini alipofika daraja la Ndarugu jua lilikuwa limeshazama, na askari wa kizuizi alikuwa amesimama katikati ya barabara.

"Pasi. Mm. Hii imekufa. Na hilo sanduku umeiba wapi?"

"Ni kodiani ya kwetu, afande. Ya harusi."

"Ya kwenu? Basi piga nisikie."

Ephantus hakuwahi kubonyeza kifungo hata kimoja. Mkononi hakuwa na jozi, hakuwa na chochote. Akashuka bila haraka, akavaa mkanda, akaweka kidole gumba mahali pake taratibu, akafungua mivuo kidogo ikavuta pumzi.

"Nikupigie upi, afande? Lakini nikianza siachi katikati. Na hii ina sauti, itafika mpaka kule kambini kwa inspekta."

Askari akaitazama kambi. Akamtazama Ephantus, kidole kikiwa tayari, uso umetulia.

"Wee, funga hiyo kitu," akasema. "Pita. Pita haraka!"

Akapita. Mbele kidogo baiskeli ikaingia kwenye shimo, kodiani ikalia yenyewe mgongoni, sauti mbaya ya mbuzi aliyekanyagwa, na Ephantus akacheka peke yake gizani mpaka Ruiru.