Kiatu cha Mpimaji

Mwanaheri alijua mumewe, dereva wa lori, haoni kando. Alijua tangu Ramadhani ya mwaka wa hamsini na mbili, nyumbani kwao Temeke, Nassibu alipolipiga teke birika la kunawia mara tatu kwa juma moja, na kila mara lilikuwa kushotoni. Kilichokuwa mbele yake alikiona hadi chembe ya mchanga kwenye wali.

"Baba Tabu, kapimwe," alimwambia. "Lori si mkokoteni."

Wakaenda pamoja. Ubao wa herufi Nassibu aliusoma mpaka mstari wa mwisho. Apolinari, mpimaji wa macho, hakuridhika. Kuna ugonjwa unaoanza kula macho pembeni, alisema, na herufi haziufichui. Akatundika kitambaa cheusi ukutani, akamwambia Nassibu akodolee macho alama ya katikati, aseme pini nyeupe ikiingia kutoka ukingoni.

Kipimo kizuri, ila viatu vya Apolinari vililia. Alipohama upande, kiatu kililia, kikanyamaza, pini ikaanza safari yake. Nassibu akahesabu kidogo moyoni, kisha: "Naona!"

Mwanaheri, kwenye benchi, aliliona sikio lililotegwa. Ndivyo mumewe alivyosikiliza injini mbovu. Amuumbue mume mbele ya mgeni? Mkate wao ukatwe kwa ulimi wake? Alinyamaza, Mungu amsamehe, na cheti kikaandikwa: macho mazima.

Mwezi wa tatu baada ya kipimo, Nassibu akikata kona kushoto, lori lilimgonga Bi Zuena, muuza vitumbua. Alikufa palepale.

Mahakamani cheti kikasomwa kwa sauti. Mwenye macho mazima hivi, alisema hakimu, alimwona marehemu na hakujali. Miaka mitano.

Mwanaheri akasimama bila kuitwa. "Haoni kando! Alikuwa anasikiliza viatu! Mie nilikuwepo, nikanyamaza!"

Watu wakaguna. Mke atasema nini kingine? Apolinari alibaki anatazama viatu vyake.

Askari wakamteremsha Nassibu kizimbani. Mwanaheri akajipenyeza mpaka kushoto kwake, karibu kabisa, akanyoosha mkono. Nassibu akaupita. Alikuwa akitazama mbele, akitafuta uso wa mkewe katika umati, akiita, "Mama Tabu! Mama Tabu, uko wapi?"