Mlio Unaovuka Ziwa

"Nilikupa bunduki uifyatue, Veikko, si uinyamazishe!"

Lempi alikuwa amesimama mbele ya gari langu, aproni kiunoni, unga mpaka viwikoni, na hapakuwa na njia ya kumpita ila kumkanyaga. Veikko, jirani yake wa uzio mmoja, alikuwa kwenye kiti cha pembeni yangu, bunduki imemlalia magotini ndani ya mfuko wake kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

"Siinyamazishi, shemeji. Naivisha kofia tu."

"Kofia! Kofia gani hiyo ya kukatwa kichwa kwanza? Nimeulizia mimi. Fundi atakata ncha ya mtutu, achonge hesi kama za skrubu, ndipo akazie hilo dude la kumeza mlio. Mtutu wa mume wangu Urho!"

"Ni ncha tu, shemeji. Upana wa kidole."

"Na wewe nikikukata upana wa kidole?"

"Inategemea wapi," nikasema mimi, nikacheka peke yangu.

Ugomvi wenyewe haukuwa wa chuma, na kijiji kizima kilijua. Marehemu Urho alipokuwa akiwinda hirvi, yule kulungu mkubwa wa misitu yetu, ng'ambo ya ziwa, Lempi hakuhitaji simu. Mlio ulivuka maji, ukagonga mwamba wa nyuma ya nyumba, ukaingia jikoni. Sisi wake wa wawindaji tuna hesabu yetu: mlio mmoja ni nyama, miwili labda, mitatu chemsha uji ulale. Akisikia mmoja, Lempi aliteleka viazi, na viazi vikiiva mume yuko mlangoni anavua buti.

Urho alipofariki, bunduki ikaenda kwa Veikko, rafiki yake wa tangu utoto. Na kila Oktoba Lempi hufungua dirisha la jikoni, iwe barafu isiwe barafu, akasubiri mlio. Hakuwahi kukiri. Lakini mimi huingia nyumba za watu bila kubisha hodi, nimemkuta zaidi ya mara moja, kisu mkononi, kiazi nusu kimemenywa, shingo kaielekeza ziwani.

Veikko aliteremsha kioo cha gari. Sauti yake ikashuka pia.

"Shemeji, mwaka jana Halla alimsimamisha hirvi karibu yangu, kama hapa na kwenye banda lako. Akabweka mpaka koo likamkauka. Mimi nimekaa kwenye kisiki nakunywa kahawa. Sikusikia kitu. Mbwa wangu mwenyewe ananiita, sisikii! Daktari kasema hii mipasuko mikubwa nikiendelea nayo, hata hicho kidogo kilichobaki kitakwenda. Nataka nimsikie mbwa wangu, basi."

Lempi alimtazama. Kisha akajifuta mikono kwenye aproni, akasogea kando.

"Nenda. Chukua kinachonyamaza kabisa. Ila siku mtakayoanza kuwinda msiniambie. Sitaki kusubiri kitu ambacho hakiji."

Njia nzima hadi mjini niliongea peke yangu, maana mimi nikikaa kimya huwa naumwa.

Fundi alifanya yake kwenye mashine ya kukereza, kisha tukaingia duka la bunduki. Muuzaji alikuwa mtu wa maneno mengi. Tukapendana hapo hapo. Akapanga viwambo vitatu vya kupunguza mlio mezani. Kimoja kirefu, kinene kama chupa ya chai. Kimoja cha kati. Cha tatu kifupi, chepesi, ungedhani ni kopo la samaki.

"Mzee, wewe chako ni hiki kirefu," akasema. "Ni kizito kidogo, kitanasa kwenye matawi, lakini sikio lako litakushukuru. Ukiwa na hiki, huhitaji hata yale ya kuziba masikio."

Hapo ndipo Veikko angelipa tuondoke. Yale ya kuziba masikio aliyachukia kuliko kodi. Pale kwenye chama chetu cha wawindaji aliyaita sahani za watoto, na kila aliyeyavaa alimuuliza kama leo kuna uji. Eti yanawasha, yanatoa jasho, na ukiyavaa huwezi kujua mbwa anabwekea upande gani.

Lakini hakulipa. Akasema anataka kuvijaribu vyote kwenye uwanja wa shabaha wa dukani, kisha akanigeukia.

"Tyyne, chukua gari, uende mpaka ng'ambo ya lile shamba la shayiri. Simama pale. Ukisikia, nipigie simu."

"Nisikie nini?"

"Wewe si husikia hata yasiyosemwa? Nenda."

Nikaenda. Nikasimama kwenye upepo, pua inachuruzika. Kile kirefu, kama si kunguru kuruka nisingejua kama kuna mtu kafyatua. Cha kati kilitoa mpasuko mkavu, kama kijiti kinachovunjwa. Kile kifupi kikatoa mlio, mnene, wenye mkia, ukapita juu ya mashina ya shayiri na kunifikia kifuani.

Nikapiga simu. "Huo," nikasema. Sauti yangu mwenyewe ilinishangaza.

Niliporudi muuzaji alikuwa amejishika kichwa. "Mama, mwambie mzee! Amechagua chenye kelele kuliko vyote! Na masikio?"

"Nipe na sahani," akasema Veikko, macho sakafuni.

Ndani ya gari akanionya: "Ukimwambia mtu, Tyyne, ule ulimi wa hirvi ninaokupa kila mwaka, mwaka huu utausikia kwa majirani."

Nilinyamaza. Siri ile ilinivimba tumboni kama unga uliotiwa hamira.

Asubuhi ya kwanza ya msako nilikwenda kwa Lempi na mkate wangu wa iliki. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nikalifungua.

"Funga, Tyyne, si kiangazi."

"Nimeshikwa na joto. Umri."

Akanikunjia uso, akarudi kwenye viazi vyake. Mbali, ng'ambo ya maji, Halla akaanza kubweka. Kisu cha Lempi kikasimama. Mbwa akabweka, akabweka, kisha mlio ukaja. Haukuwa ule wa zamani. Ulikuwa wa chini zaidi, kama mtu anayekohoa ndani ya mablanketi. Lakini ulivuka ziwa, ukagonga mwamba, ukaingia.

Tukasubiri wa pili. Haukuja.

"Mmoja," akasema polepole.

Akateleka viazi. Akatoa vikombe viwili kabatini, akavitazama kwa muda, kisha ndipo akakumbuka nipo, akaongeza cha tatu.

Veikko alifika viazi vikitoa mvuke, na fungu la nyama la Lempi, mwenye ardhi wanayowindia, ndani ya ndoo, zile sahani zimemning'inia shingoni. Lempi alimfungulia. Akaziangalia sahani. Akaiangalia bunduki begani, na lile kopo dogo mwisho wa mtutu.

"Ulimsikia mbwa?"

"Nilimsikia, shemeji. Nilipolenga ndipo nikajiziba."

"Kifupi hicho."

"Virefu vilikuwa vimekwisha."

Nilijing'ata ulimi, maana nilikuwa naungojea wa hirvi.

Lempi aliipokea ndoo, akasogea mlangoni kama alivyosogea siku ile mbele ya gari.

"Vua buti uingie, Veikko. Viazi vimeiva."