Boule Ambayo Haionekani

Butembo ni vilima, na hata meza ya biyari kwenye nganda ya Mama Tamar, pale tunakunywa, imeinama kidogo upande wa barabara. Ukipiga boule, ule mpira wa biyari, polepole, inapinda. Tulizoea, na Kasika alizoea zaidi yetu wote. Anainama, anapiga bila kuangalia mara mbili, boule inaingia shimoni; yeye tayari anachokoza mutu mwingine.

Lusenge, muramu yake, ndugu ya muke wake, alikuwa mutu wa hesabu. Alijifunza kwenye telefone: waza boule moja imeshikana na ile unataka kuingiza, nyuma yake, mstari mmoja na shimo, halafu lenga ile ya mawazo. Alizunguka meza kama anapima kiwanja, akapiga, akakosa kidogo.

"Muramu," Kasika akamwambia, "boule ya kuonekana inakukatala, ndiyo utaweza ile haionekani?"

Tuliseka. Kwa ule mteremko hesabu ingeingia namna gani? Mais hakuna aliyelaumu meza, tulimulaumu yeye. Basi tulipotafuta mutu wa kupambana na watu wa Beni, muji wa jirani, ambao hatujawahi kuwashinda, tuliandikisha Kasika. Lusenge alisindikiza tu.

Kule Beni, meza ilikuwa mpya, sawasawa kama maji kwenye beseni. Mbele ya mchezo, tukaachiwa tujaribu meza. Kasika akakosa, akakosa tena, kila mara upande uleule. Lusenge akaomba fimbo, akazunguka kwa ile polepole yake, na boule zikaanza kuingia, moja nyuma ya ingine. Safari hii hakuna mutu aliseka.

Syauswa, mukubwa wetu, alimuvuta Kasika pembeni. "Bado banakubali tubadilishe jina. Acha muramu yako acheze."

"Mukubwa, ni barabara imenitikisa. Jicho itaamuka."

"Donc hapana?"

"Hapana."

Jicho lilikuwa macho kabisa, ila lilikuwa linaona meza ya Mama Tamar. Kila boule aliiachia nafasi ya kupinda, na boule haikupinda. Mutu wa Beni hakutoka hata jasho.

Ilipokwisha, Kasika alibaki kwenye meza. Kisha akamunyooshea Lusenge fimbo.

"Muramu, kamata. Cheza."

Lusenge aliangalia upande wa mulango, pale Beni nzima ilikuwa inatoka na mutu wao mabegani.

"Na nani?"