Kipimo cha Vinasaba Hakihitajiki

Fomu ilipofika maabara, Bi Nta aliutambua mwandiko kabla hajasoma jina. Wenzake walimpa jina hilo la Bi Nta kwa sababu kutwa alikuwa akigandisha vipande vya nyama za wagonjwa kwenye nta, ili vikatwe vyembamba, vibandikwe kwenye vioo na kutazamwa kwa hadubini. Mwandiko ulikuwa wa Bingwa, mkuu wa upasuaji: "Uvimbe wa mafuta, paja la kulia. Kipimo cha vinasaba hakihitajiki." Na mgonjwa? Bingwa mwenyewe. Kakatwa na msaidizi wake, fomu kajijazia kwa mkono wake, mjuzi wa yote.

Maneno yale yale aliyaandika miaka minne nyuma kwenye fomu ya mdogo wake Bi Nta. Bi Nta alimfuata ofisini, akamweleza kwa adabu zote kwamba uvimbe wa mafuta na saratani ya mafuta hufanana kama pacha kwenye hadubini, na vinasaba ndivyo huvitenganisha. Bingwa akamcheka mbele ya wanafunzi. "Dada, wewe kata nta. Kusoma tuachie sisi." Uvimbe ukarudi, ukarudi tena ukiwa mkali, ukapanda mapafuni. Ndipo wakapima. Mdogo wake akazikwa, akaacha binti anayemwita Bi Nta mama mkubwa.

Sasa kisasi kilikuwa kimejileta mezani. Hakuhitaji kumfanyia lolote zaidi ya kumtii. Apeleke vioo bila kupima, kama fomu ilivyoagiza, aende zake. Nani angemlaumu? Moyo wake ulifurahi, tusidanganyane. Alikaa na furaha hiyo mpaka chai yake ikapoa.

Halafu akaona kisasi hicho hakimtoshi. Bingwa angekufa bila kujua kosa lake, tena watu wangemlilia. Hapana. Alimtaka ajue.

Kipimo hicho hakifanywi peke yake. Lazima kiandamane na sampuli ya mtu ambaye saratani yake imeshathibitishwa, ili ijulikane kwamba kimefanya kazi. Bi Nta alifungua kabati, akatoa kipande cha nta cha uvimbe wa kwanza wa mdogo wake, akakipima pamoja na cha Bingwa.

Siku ya tatu aliingia kwa Bingwa na vioo viwili, majina kayafunika kwa plasta. "Naomba unisomee, daktari."

Bingwa aliinama kwenye hadubini yake kidogo tu. "Vyote uvimbe wa mafuta. Ndilo ulilonijia?"

Bi Nta akaweka picha mbili mezani. Kwenye seli yenye afya, jeni inayopimwa huonekana kama nukta nyekundu mbili. Hapa zilijazana chungu nzima, picha zote mbili. Akabandua plasta ya kwanza. "Huyu nimemzika." Akabandua ya pili.

Bingwa alisoma jina lake, akapapasa kiti, akakaa. "Nitapona?"

"Ni saratani, ila ile ya mwanzo, haijawa kali. Ikikatwa vizuri, watu hupona. Na ya mdogo wangu nayo ilikuwa ya mwanzo."

Bingwa akanyoosha mkono achukue majibu. Bi Nta aliyabana kwapani, akamsogezea kalamu na fomu mbili, mpya na ile ya zamani. "Futa ulichoandika, uandike ukweli, utie saini."

Bingwa akaivuta fomu yake.

"Anza na ya mdogo wangu," Bi Nta akasema.

Akaanza. Bi Nta akamshikia karatasi mpaka alipotia saini.